Kitako Kilichovunjwa na Nyati

Mama yangu, Mungu amrehemu, aliondoka duniani bila kukubali kwamba binti yake anakagua bunduki. Kwenye harusi, akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani huko London, alijibu, "Yumo kwenye vitu vya kale," na watu wakadhani napangusa vumbi makumbusho. Simlaumu. Mie ni mwanamke wa Kiunguja, mtandio kichwani, puto likipasuka kwenye sherehe ya mtoto naruka mpaka sahani ya biriani inaniponyoka. Halafu ati mimi ndiye wa kuwaambia watu wazima na masharubu yao kama bunduki ya babu yao ni ya asili au imechezewa. Binti yangu mwenyewe, aliyezaliwa hapa Thornton Heath, akiulizwa na wenzake mama yake anafanya nini husema, "Admin," yaani kazi za makaratasi ofisini, halafu anageuza mazungumzo.

Na kweli nilianza kwa kupokea simu. Nyumba yetu ya mnada huuza bunduki za zamani za kuwindia, na mzee aliyekuwa mkaguzi macho yalikuwa yameanza kufifia, akawa ananiita nimsomee namba ndogondogo zilizogongwa kwenye chuma. Nikisoma namba, naona na mengine. Nikisema, "Lakini hii skrubu mbona mpya?" yeye ananitazama, halafu anaitazama skrubu, halafu ananitazama tena. Alipostaafu, bosi akanipa kiti chake, lenzi yake na koti lake la kazi, ambalo mikono yake hadi leo naikunja.

Kazi yenyewe ni swali moja tu: hiki kilitoka kiwandani hivi hivi, au kuna mtu amekitia mkono? Wanaokusanya bunduki za kale hawatafuti kitu kizuri, wanatafuta kitu kisichoguswa. Kitako, yaani ule mti wote unaoushika na kuuegemeza begani, kiwe kilekile. Nakshi ya mistari iliyokatwa kwenye mti ili mkono usiteleze, iwe ileile. Rangi ya chuma, ile bluu inayokaribia weusi, hata ikichujuka, iwe ileile. Babu akiongeza kipande cha mpira kwenye kisigino cha kitako, pale panapogusa bega, kwa sababu bega lilimuuma, basi, ishaharibika hiyo. Na watu wanavyosema uongo, wallahi! Mtu ananiletea bunduki, anaapa haijaguswa tangu itoke kiwandani, na mie naona kichwa cha skrubu kimetafunwa na bisibisi. "Haijaguswa na nani, mzee wangu?" namwuliza. "Na panya?" Bosi wangu, Mwingereza mpole anayeomba radhi hata akiingia ofisini kwake, amenisihi mara nyingi nipunguze ulimi. Napunguza, halafu unaota tena.

Wale wawili wa kisa hiki walikuja mwezi wa Machi, siku ya jua la uongo, kwenye dirisha kunang'aa na nje masikio yanakatika kwa baridi. Bunduki yao ilikuwa ishafika kabla yao, maana sheria ya hapa haina mchezo, bunduki haitembei kwenye basi. Ililetwa na mwenye leseni, ikafungiwa kwenye stoo yetu ya chuma. Wenyewe walikuja kwa treni kutoka Neasden, upande mwingine wa London: bwana mmoja wa Kihindi, mzee mrefu, suti na tai juu, raba nyeupe chini, na mkewe, mfupi, sari ya kijani ndani ya koti zito, mkononi kapu. Nikawakaribisha kwa Kiingereza. Yule bwana akautazama mtandio wangu, akanitazama usoni, akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mama, wewe mtu wa wapi?"

"Unguja."

"Aa! Sisi Arusha!" akasema, akaukamata mkono wangu kwa mikono yake yote miwili utadhani tulipotezana sokoni.

Mkewe alikwisha kulifungua kapu. Katika chumba changu ni marufuku kula na kunywa. Kuna tangazo ukutani kwa herufi kubwa, bosi mwenyewe alilibandika. Yule bibi alilisoma tangazo lote, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akamimina chai kutoka kwenye chupa, akanisukumia na bajia. "Kula, mwanangu, umekonda," akasema. Mie sijakonda tangu nije nchi hii, lakini nilikula.

Nikaitoa bunduki, nikailaza juu ya kitambaa. Jamani! Kuna vitu ukiviona mara moja roho inatulia. Chuma kilikuwa kimechujuka pale tu mikono inaposhika, kwa haki, bila kupakwa wala kusuguliwa. Skrubu zote midomo yake imesimama, haijatafunwa na bisibisi. Nikalifungua bamba la chuma la kisiginoni, nikaangalia ndani: namba iliyogongwa kwenye mti ni ileile iliyoko kwenye chuma. Na ile nakshi ya mishazari ilikuwa safi, haina mkwaruzo uliokosea njia. Nikamwita bosi. Akaja, akainama, akaguna kwa furaha, na mkono wake ukachukua bajia mbele ya tangazo lake mwenyewe.

"Hongera, mzee wangu," nikasema. "Kila kitu ni cha kiwandani. Mtutu, kilengeo, kitako. Haijaguswa."

Maneno hayo siyasemi mara nyingi. Nikiyasema, watu hunikumbatia. Kuna mmoja aliwahi kuibusu meza. Huyu mzee alirudi nyuma mpaka akakipata kiti, akakaa.

Mkewe akapiga makofi. "Nilisema! Si nilisema mimi? Tangu nimeolewa nasema!"

"Una hakika, mama?" mzee akaniuliza. "Hata kitako?"

"Hata kitako."

"Kitako hasa?"

"Mzee wangu, kitako hasa ndicho kizuri kuliko vyote."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Nikaona analia. Mie nikababaika, maana nimeshazoea watu kulia nikiwaambia bunduki imechezewa, lakini huyu nimempa habari njema na analia nini? Bosi, ambaye machozi ya watu humtia hofu kuliko moto, akanyata akatoka.

Basi mzee akanieleza. Baba yake alikuwa fundi wa bunduki Arusha, duka lake dogo nyuma ya soko, akiwatengenezea wawindaji. Siku moja mwindaji mmoja alimletea bunduki hii ikiwa haina kitako, ana vipande tu ndani ya gunia. Nyati aliyejeruhiwa alikuwa ameikanyaga. Fundi akatafuta mti wa jozi, akaupata kwenye kitanda cha Mzungu aliyekuwa anauza vyombo ahame, akajifungia nyuma ya pazia la karakana yake, akachonga kitako kipya. Akakiiga cha kiwandani kwa kila kitu, mpaka namba. Mwindaji alipoipokea alidhani kimeagizwa Uingereza. Alipokuja kuondoka nchini, akamwachia fundi bunduki iwe yake, kwa heshima ya kazi ile. Na yule fundi akaishi kwa sentensi moja mpaka anakufa: kitako kile ni changu, na hakuna Mwingereza atakayejua.

"Kila jioni!" bibi akadakia. Kati yao wawili waliongea Kigujarati, lakini sasa walikuwa wanagombana kwa Kiswahili, nadhani wapate hakimu. "Baba mkwe alikaa na sisi Neasden mpaka alipofariki. Nakaanga chapati, nyati. Naunga dengu, nyati. Nilipoolewa, nyati alikuwa mmoja. Watoto walipozaliwa, wakawa wawili. Anakaribia kufa, nyati watatu, na mmoja alipanda ngazi! Mungu amweke pema, lakini alikuwa muongo."

"Ukoo mzima ulimcheka," mzee akasema. "Wajukuu walimwita Babu Nyati. Na mimi nilicheka, mama. Nilikaa naye meza moja, nikacheka." Akavaa miwani yake. "Kuuza si shida yangu. Watoto wetu hawataki bunduki, wacha iende. Lakini kabla haijaenda nilitaka mtu mmoja anayejua aniambie baba yangu alikuwa muongo au hapana. Na mimi niko mlangoni sasa. Nikimkuta huko nitamwambia nini?"

Nilimwonea huruma, lakini nitasema ukweli, zaidi nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, nilikikasirikia kile kitako. Kama baba yake alisema kweli, basi fundi mmoja nyuma ya pazia Arusha amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mie na lenzi yangu na koti langu la mikono mirefu. Ebo! Nikawaambia wasubiri, nikaenda stoo. Nikaleta bunduki nyingine ya kiwanda kilekile, ya wakati uleule, ambayo kila mtu wa fani hii anajua haijaguswa, nikazilaza ubavu kwa ubavu.

Nikaanza na nakshi. Ile ya stoo, mistari yake kila mahali ilikuwa imevuka mpaka kidogo, hapa imechupa, pale imeteleza. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kazi mle kiwandani, mtu analipwa kwa kitako, analo rundo linamsubiri, hana habari na mstari uliochupa. Ya mzee haikuwa na mstari hata mmoja uliochupa. Mie niliusifia usafi ule dakika chache tu zilizopita. Nikajipiga kipaji cha uso.

"Mzee wangu, hii ni safi mno."

"Ni vibaya?"

"Kiwandani hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwa safi hivi."

Akasimama. Mkewe akamvuta koti akakaa. "Labda siku hiyo walikuwa na nafasi," bibi akasema, akajimiminia chai. Sikuipenda hoja yake, lakini ilikuwa hoja, nikaikubali shingo upande.

Nikaivuta taa karibu, nikaweka lenzi jichoni. Sasa, kile chombo cha kukatia nakshi husukumwa kwa mkono, na fundi akifika mwisho wa mstari hukiinua. Anapokiinua huacha mkia mdogo, mwembamba kama unywele, na mkia huo huinamia upande wa mkono uliosukuma. Kwenye bunduki ya stoo mikia yote ililala kulia. Na kwenye bunduki zote nilizowahi kuzishika za kiwanda kile, kulia. Nikahamia kwenye kitako cha mzee. Kushoto. Nikageuza upande wa pili. Kushoto.

"Hiki si cha kiwandani!" nikapiga ukelele, mpaka bosi akarudi mlangoni. "Pale hata vyombo vyenyewe viliundwa kwa mkono wa kulia. Aliyekata hii ni mtu mwingine kabisa. Ni mtu wa mkono wa kushoto!"

Nikangoja kukumbatiwa. Mzee alikuwa amekwisha nyanyuka nusu, uso umemchangamka, halafu nikaona uso unamshuka, na yeye akashuka nao.

"Baba hakuwa wa kushoto," akasema. "Alikula kwa kulia. Aliandika kwa kulia. Mama, kwetu mkono wa kushoto, unajua mwenyewe."

Najua sana. Mie nilipigwa kibao na bibi yangu kwa kupokea andazi kwa kushoto, na andazi nikanyang'anywa. "Na kazini je?" nikauliza. "Alishika chombo kwa mkono gani?"

"Kazini sikumwona kamwe. Hakuna aliyeruhusiwa kuvuka lile pazia. Sisi watoto tuliambiwa kuna baruti." Akaitazama bunduki. "Basi kitako alichonga mtu mwingine. Fundi mwingine, nani ajuaye. Na baba yangu akaichukua sifa yake akaifanya yake." Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. "Kumbe si muongo tu. Mwizi."

Lahaula! Asubuhi moja nimemtwanga mara mbili, na mara zote mbili nilidhani namletea raha. Nilitamani nirudi kupokea simu. Bosi, pale mlangoni, alikuwa haelewi neno, lakini uso wa mzee aliuelewa, akawa anatazama viatu vyake.

Ndipo nikagundua bibi amenyamaza. Yule aliyekuwa na neno kwa kila kitu alikuwa anaikunja ile karatasi ya bajia, anaikunjua, anaikunja tena. Nikangoja makofi yake. Ushindi alikuwa nao mkononi, mkubwa kuliko aliouomba: ugomvi wa ndoa nzima umekwisha, yeye ndiye aliyesema kweli, na hapakuwa na mtu duniani wa kumbishia. Alichotakiwa kufanya ni kunywa chai yake tu.

"Kushoto," akasema.

Mumewe akageuka.

"Baba alikuwa wa kushoto," bibi akasema. "Wewe ukienda dukani na watoto wakienda shule, alikuja jikoni kwangu kunimenyea viazi. Alimenya kwa kushoto. Siku ya kwanza niliingia ghafla, akaficha kisu mgongoni kama mtoto mdogo. Mtu mzima yule, baba mkwe wangu, ananiogopa mimi! Akaniambia mama yake alimfunga ule mkono kwa kitambaa mpaka akajua kula kwa kulia. Kula alijifunza, na kuandika. Lakini kazi, mkono wa kulia uliikataa. Ndiyo maana ya pazia." Akaiweka karatasi chini. "Baruti! Hapakuwa na baruti. Palikuwa na mkono wake. Aliniapisha nisikwambie, na sikukwambia."

Nikaiweka lenzi chini.

"Na miaka yote hiyo ukamwita muongo?" mzee akauliza.

"Nilimwita muongo kwa nyati! Mimi nitajuaje kama mkono unaonekana kwenye bunduki? Mimi najua viazi." Kisha sauti yake ikalainika. "Viazi vyake havikubaki hata na jicho moja. Vilikuwa safi mpaka naona haya kuvikata."

"Mbona mimi hakuniambia? Mimi mwanawe?"

"Wewe? Ungeitangazia Neasden nzima kabla chai haijapoa. Kinywa ulirithi kwake, mkono hukurithi."

Mzee akafunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanamtikisika, na kwa muda sikujua analia au anacheka. Alipovitoa viganja nikaona anafanya vyote viwili.

Bosi akaniuliza kwa upole nini kimetokea. Nikamweleza kwa ufupi. Akaniuliza kama nimehakikisha, maana neno hilo likiandikwa bunduki itashuka hadhi mbele ya wanunuzi, na huko hairudi tena. Nikamwambia nimehakikisha, aje aitazame mikia mwenyewe. Akaja, akaitazama kwa lenzi, upande huu na upande ule. Akasema kwa unyonge kwamba ni kweli, akachukua bajia nyingine ya kujifariji.

"Andika, mama," mzee akaniambia. Alikuwa amesimama wima, tai ameinyoosha. "Andika kwa herufi kubwa kama zile za tangazo lenu. Kitako si cha kiwandani."

Nikaandika. Sentensi hiyo nimeiandika kwa watu wengi, na wapo waliosusa kunipa mkono baada yake. Huyu alinipa mkono, akampa bosi mkono, akampa hata kijana wa posta aliyepita kwenye ukumbi na maboksi. "Baba yangu alimdanganya Mwingereza!" alimwambia bosi kwa Kiingereza, kwa fahari kubwa, na bosi akampongeza.

Bibi alikuwa anafunga kapu lake. Alipomaliza, akaniuliza kama anaweza kuigusa. Alikuwa mtu asiyekula nyama tangu azaliwe, na miaka yote bunduki ile ikiwa mali ya familia hakuwahi kutaka hata kuiona. Nikamwambia aiguse. Akasogea mezani, mfupi yule, akalaza kiganja juu ya ile nakshi, akakipitisha kwenye mistari taratibu, kwenda na kurudi. Kisha akakunja mikono kifuani, akainamisha kichwa kwa kile kipande cha kitanda cha Mzungu.

"Baba, nisamehe," akasema. "Siri yako nimeitoa, na muongo nilikuita mimi."

Mumewe akamshika bega. Bibi hakuinua kichwa. Kisha akainua kidole.

"Lakini nyati alikuwa mmoja."